Jicho la Nyumbani Libaki Nyumbani

   Safari hii naomba tuweke pembeni kidogo habari za nani kamuacha nani, tuongelee kitu ambacho kimeingia majumbani mwetu kimya kimya, kikakaa juu ya kabati la televisheni, na sasa kinaleta maneno. Nazungumzia kamera.

Msomaji wetu mmoja, mama wa mtoto wa miezi 9, ameniandikia hivi: “Dada mhariri, mume wangu kafunga kamera sebuleni. Alisema ni kwa ajili ya usalama wa mtoto na kumwangalia dada wa kazi. Sasa kila siku ananipigia kutoka ofisini, mara mbona umechelewa kutoka, mara huyo jirani kakaa sana hapo ana shida gani. Hivi huku ni kunijali au kunichunga?”

Nilipowasomea wenzangu hapa ofisini, mjadala uliwaka! Akina kaka walisema mume ana haki ya kujua nyumba yake ikoje. Akina dada wakasema huyo bwana ana lake jambo. Mimi nikaona kuna swali moja ambalo wote tumelisahau. Tunabishana kama mume anapaswa kumwona mkewe. Je, tumejiuliza ni nani mwingine anayemwona?

Picha yako inalala wapi?

Hebu tuanze na jinsi kamera nyingi za madukani zinavyofanya kazi. Unainunua, unaiunganisha na intaneti ya nyumbani, unapakua programu kwenye simu, unafungua akaunti. Basi, ukiwa kazini unaona sebule yako. Raha ilioje!

Lakini ile picha haitoki sebuleni kwako moja kwa moja hadi kwenye simu yako. Mara nyingi inasafiri kwanza hadi kwenye kompyuta za kampuni iliyotengeneza kamera, ambazo pengine ziko bara jingine kabisa. Huko ndiko inakochambuliwa: huyu ni mtu, huyu ni paka, hili ni pazia linapepea. Huko ndiko inakohifadhiwa. Kisha ndiyo unaletewa ujumbe kwamba kuna mtu mlangoni. Kwa maneno mengine, umemkaribisha mgeni sebuleni kwako, amekaa, anatazama, na humjui hata jina.

Msinielewe vibaya, sisemi kampuni zote zina nia mbaya. Ila yapo mambo yaliyokwishatokea. Mwezi Mei 2023, tume ya biashara ya serikali ya Marekani iitwayo FTC iliishitaki Ring, kampuni ya kamera za nyumbani inayomilikiwa na Amazon. Kwa mujibu wa tume hiyo, mfanyakazi mmoja wa kampuni hiyo alitumia miezi kadhaa mwaka 2017 kutazama maelfu ya video za wateja wanawake, zikiwemo za kamera zilizowekwa vyumbani na bafuni. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5.8 kumaliza kesi.

Haya, na kufagia nako? Desemba 2022 jarida la MIT Technology Review liliandika habari za roboti za kufagia sakafu za Roomba. Roboti zilizokuwa bado kwenye majaribio zilipiga picha ndani ya nyumba za watu mwaka 2020. Picha hizo zikapelekwa kwa wafanyakazi wa vibarua huko Venezuela ili waziwekee alama za kuifundisha kompyuta, na baadhi yao wakazirusha kwenye makundi ya Facebook. Mojawapo ilimwonyesha mwanamke akiwa amekaa chooni. Kampuni ilijitetea kuwa waliopewa roboti hizo za majaribio walikuwa wamekubaliana nayo kwa maandishi. Sawa, walikubali kufagiliwa na kupigwa picha. Lakini ni nani kati yao aliyekubali kuonekana chooni na watu asiowajua?

Kwa hiyo dada yangu uliyeniandikia, unalalamika kwamba mume anakuona umekaa na jirani. Na mimi nakuuliza, kama ni kamera ya aina hiyo, una uhakika ni mume peke yake?

Kuna kamera inayofikiri yenyewe

Sasa nije kwenye habari njema, maana sijawaita hapa niwatishe tu.

Siku hizi inawezekana kabisa kazi yote ya kutambua picha ikafanyika hapo hapo nyumbani, ndani ya kamera yenyewe au kwenye kisanduku kidogo kilichokaa kabatini, bila picha hata moja kutoka nje ya geti. Bila intaneti kabisa.

Najua unawaza kwamba akili bandia inahitaji mitambo mikubwa. Ni kweli, lakini kwa nusu tu. Kompyuta inayoona ina maisha mawili. Kwanza inasoma: inaonyeshwa maelfu kwa maelfu ya picha mpaka ijue kutofautisha mtoto na mbwa. Hapo ndipo mitambo mikubwa inapohitajika. Ikishahitimu, kinachobaki ni faili, kama mwanafunzi aliyemaliza chuo na kubaki na elimu kichwani. Faili hilo unaweza kulipakia kwenye kifaa kidogo likaanza kazi. Daktari hampigii simu profesa wake kila akimwona mgonjwa, si ndiyo?

Na faili lenyewe linaweza kupunguzwa uzito. Namba zilizomo ndani, ambazo kila moja ilichukua nafasi ya biti 32, zinakadiriwa na kubanwa hadi biti 8. Faili linabaki robo ya ukubwa wake, na uwezo wa kutambua unapungua kidogo tu. Ni kama kubeba daftari la muhtasari kwenye chumba cha mtihani badala ya rafu nzima ya vitabu.

Tena mfano mzuri uko hapa hapa kwetu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani na taasisi ya kilimo ya IITA walipiga picha za majani ya mihogo kwenye mashamba ya majaribio nje kidogo ya Bagamoyo, wakaifundisha kompyuta kutambua magonjwa kama batobato na michirizi kahawia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017, na modeli yao bora ilipata majibu sahihi kwa asilimia 93. Kutokana na kazi hiyo ikazaliwa programu ya simu iitwayo PlantVillage Nuru. Mkulima anaelekeza simu yake kwenye jani akiwa shambani, mahali ambapo mtandao haushiki hata kwa dawa, na simu yenyewe inamwambia jani lina nini. Hakuna anayepigiwa Marekani.

Hata wewe pengine unaitumia teknolojia hii kila asubuhi bila kujua. Simu ya iPhone ilipoanza kufunguliwa kwa uso mwaka 2017, kazi ya kuutambua uso ilifanyika ndani ya simu yenyewe na alama za uso wako zikabaki humo. Kama simu inaweza kukutambua kabla hujapiga mswaki, kamera ya ukumbini itashindwaje kumtambua mtu mlangoni?

Kwa majumbani, wapo wanaotumia kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, inayotosha kwenye kiganja, wakaiongezea kipande cha kuharakisha hesabu za picha. Mwezi Juni 2024 watengenezaji wake walitoa kipande cha aina hiyo kwa dola 70. Programu ya kuendesha kamera nayo ipo ya bure, inaitwa Frigate, na imeandikwa makusudi ili uchambuzi wote ubaki nyumbani. Fundi kompyuta mzuri wa mtaani kwako, yule anayependa kujaribu vitu, ataweza kukufungia.

Kwa nini inatufaa sisi

Kwanza, bando. Piga hesabu na mimi. Kamera moja inayopeleka video mfululizo kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde inakula takriban GB 21.6 kwa siku. Kwa mwezi ni zaidi ya GB 640. Kwa mshahara wa nani? Inayofikiria hapo hapo haili hata senti ya bando.

Pili, mtandao wenyewe. Mnakumbuka 12 Mei 2024? Nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na Afrika Mashariki ikayumba. Tanzania tulikuwa miongoni mwa walioumia zaidi. Watu walikosa kazi, wapenzi walikosa kuchati, wengine wakagombana bure kwa sababu ya meseji ambazo hazikufika. Kamera inayotegemea kuuliza ng’ambo kila jambo, siku kama hiyo ni pambo la ukutani.

Tatu, umeme. Kisanduku cha namna hii kinakula umeme mdogo kuliko balbu ya kizamani ya wati 60, kwa hiyo betri ya kiasi inaweza kukivusha saa kadhaa Luku ikiisha.

“Sasa dada mhariri,” utaniuliza, “kama hakuna intaneti, mimi nikiwa ofisini nitajuaje?” Swali zuri. Kifaa kinaweza kuwekewa laini ya simu na kukutumia SMS: “Mtoto yuko kwenye ngazi.” Basi. Maneno manne tu. Au kikapiga kengele pale pale ndani ili aliye karibu amkimbilie mtoto, jambo ambalo wewe uliye Posta kwenye foleni usingeweza kulifanya hata kama ungekuwa unamtazama moja kwa moja.

Lakini si malaika

Nisiwauzie mbuzi kwenye gunia. Kamera hizi hukosea.

Nyingi zimefundishwa kwa mkusanyiko wa picha uitwao COCO, uliotoka mwaka 2014, wenye aina 80 za vitu. Jamani, humo kuna vifaa vya kutelezea kwenye theluji na kisahani cha kurushiana ufukweni, lakini hakuna jiko la mkaa! Kwa hiyo kamera yako inaweza kutambua mchezo wa Uswisi na isijue kwamba mtoto anatambaa kuelekea kwenye moto. Ukitaka ilijue jiko lazima mtu aifundishe, na wale wa mihogo ya Bagamoyo wametuonyesha kuwa inawezekana.

Halafu kuna rangi zetu. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu za kibiashara zinazokisia jinsia ya mtu kwa kutazama uso. Kwa wanaume weupe makosa hayakuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake weusi yalifika hadi asilimia 34.7. Programu zilirekebishwa baada ya aibu hiyo, lakini funzo linabaki: usikubali neno la kwenye boksi. Ijaribu kwako, usiku, taa zikiwa hafifu, na watu wa nyumbani mwako.

Tena hata neno “hapa hapa” lenyewe lihakiki. Novemba 2022 mtafiti mmoja alibaini kuwa kamera za eufy, zilizotangazwa kuwa zinahifadhi kila kitu nyumbani, zilikuwa zikituma picha ndogo ndogo kwenye seva za kampuni. Njia rahisi ya kuanza kupima ni kuizima intaneti ya nyumbani kwa siku nzima. Kama kamera inaendelea kutambua na kukupa taarifa, akili yake iko kwako kweli, ingawa hilo peke yake halithibitishi kuwa haitumi chochote nje intaneti ikirudi. Kama imekufa, ujue akili yake haikuwa kwako.

Na mwizi akibeba kisanduku, ameondoka na kumbukumbu zote. Kiwekeni mahali pa siri, si chini ya televisheni.

Tuongee sasa, wewe na yeye

Haya, nirudi kwenye ndoa, maana ndiyo kazi yetu hapa.

Teknolojia hii inamaliza tatizo la mgeni asiyejulikana. Haimalizi tatizo la mume na mke. Ukiwa na wivu wa kupindukia, utakaa nao hata kama kamera haina waya. Waswahili wanasema ukimchunguza sana bata hutamla. Mtu anayetazama sebule yake kutwa nzima akitafuta kosa, atalipata tu, hata kama ni jirani aliyekuja kuomba chumvi.

Hata hivyo, kuna kitu kimoja kwenye kamera ya aina hii ambacho nadhani kina somo kwa wapendanao. Inakupa nafasi ya kuuliza swali kabla. Ile ya intaneti inakupa kila kitu ukodoe macho mpaka uchoke. Hii unaiambia unachotaka kujua: Mtoto amekaribia ngazi? Kuna mtu uani usiku? Geti limeachwa wazi? Unaweza kuipanga ikupe jibu tu, isikupe picha. Na swali lolote ambalo unaona aibu kuliandika mbele ya mwenzi wako, basi hilo si swali la usalama.

Jaribu, utaona. Kaeni wawili, chukueni karatasi. Baba aandike: “Nataka kujua kama mtoto ameachwa peke yake sebuleni zaidi ya dakika 5.” Mama atakubali, tena atafurahi. Sasa baba huyo huyo aandike: “Nataka kujua mke wangu kakaa na nani na kwa muda gani.” Kalamu itagoma! Na ikigoma, shida haiko kwenye kamera. Shida mnayo nyinyi, na inahitaji kikao, si kifaa.

Kwa hiyo dada yangu, jibu langu kwako ni hili. Usianze ugomvi kwa kung’oa kamera ukutani. Anza kwa kumwambia, “Baba fulani, tukae tukubaliane kamera yetu iulize nini.” Kama kweli ni kwa ajili ya mtoto, hatakuwa na sababu ya kukataa. Akikataa, atakuwa amekujibu.

Na jamani, tusimsahau dada wa kazi. Huyu ndiye anayeonekana saa nyingi kuliko wote, na ndiye asiyeulizwa kabisa. Anaishi kwako, analala kwako, ana siku zake za huzuni kama wewe. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na wenzetu Kenya wana yao ya mwaka 2019. Zote zimebeba wazo kwamba mtu ajue taarifa zake zinakusanywa na kwa nini. Sebule yako si benki, ni kweli, lakini utu ni ule ule. Mwonyeshe kamera ilipo, mweleze inaangalia nini. Dada anayejua anaaminika na kuheshimiwa atamwangalia mwanao vizuri kuliko anayevizia pembe ambayo kamera haifiki.

Haya hapa ya kukubaliana kabla hamjafunga chochote:

1. Wote wawili mjue kamera zipo ngapi na ziko wapi. Kamera ya siri ndani ya ndoa ni talaka inayosubiri tarehe.

2. Chumbani, bafuni na chumba cha dada, hapana. Hakuna mjadala.

3. Andikeni maswali ambayo kamera itajibu. Yasizidi matano.

4. Picha zifutwe zenyewe baada ya siku chache. Hakuna sababu ya kutunza sebule ya mwaka jana.

5. Neno la siri la kisanduku mlijue wote wawili. Kama mmoja tu ndiye anayelijua, hiyo si kamera ya familia.

6. Mgeni akija, aambiwe. “Shoga, kuna kamera hapo juu, inaangalia ngazi tu.” Inachukua sekunde 3.

Yupo mtaalamu wa Marekani, Joseph Redmon, aliyekuwa kinara wa kutengeneza YOLO, programu ya kutambua vitu kwenye picha iliyotangazwa kwa mara ya kwanza mwaka 2015 na ambayo matoleo yake yanatumika duniani kote. Februari 2020 alitangaza kwamba ameacha utafiti wa kompyuta zinazoona, kwa sababu ya matumizi ya kijeshi na wasiwasi wa faragha za watu. Aliyeijua kazi kuliko wengi wetu alisimama akajiuliza inatumika kumfanyia nani nini. Sisi tunaonunua tuna haki, tena wajibu, wa kujiuliza hivyo hivyo kabla fundi hajatoboa ukuta.

Nunueni kamera kama mna mtoto anayeanza kutembea, au ukuta wenu ni mfupi, au mama mkwe mzee anabaki peke yake mchana. Lakini hakikisheni inafikiria pale pale ilipo, na kwamba wote waliomo ndani wanajua inafikiria nini. Mengine yaulizeni kwa midomo yenu, mkiwa mmetazamana usoni, televisheni ikiwa imezimwa.

Niandikieni mnaonaje. Wewe na mwenzi wako mngeandika maswali gani kwenye ile karatasi? Yatakayonigusa nitayachapa toleo lijalo, bila majina wala mtaa.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa. Pendaneni!